Mtoto hali, analialia, hatulii: mwongozo kamili wa wiki nne wa kupanga upya chakula cha nyumbani

Malalamiko ni yaleyale kila siku. Mtoto wa miaka mitatu au minne anakataa ugali, jioni anagombana na kila mtu, usiku anahangaika kitandani. Mzazi ananunua dawa ya hamu ya kula, anabadilisha unga wa uji, anajaribu siku mbili tatu, anachoka. Wengi hukwama kwa sababu wanabadilisha aina ya chakula kabla ya kugusa saa za kula na vinywaji. Mtoto aliyekunywa chai saa 5 na kula biskuti saa 6 hana sababu ya kula saa 7, hata umpikie nini.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 2 hadi 6. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo. Ukiruka ya kwanza na ya tatu, zilizobaki hazitakusaidia.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu, vikae jikoni.
- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Kikombe cha mililita 250 na vijiko viwili vya kupimia, cha chakula na cha chai.
- Sahani na kijiko vya mtoto mwenyewe, asile katika sinia la pamoja kwa wiki hizi nne. Katika sinia huwezi kujua amekula kiasi gani.
- Makopo mawili makavu yenye mifuniko: moja la unga, moja la dagaa wa kusaga.
- Unga wa nafaka moja (dona, ulezi au mtama), karanga, dagaa wakavu, maharage au kunde, mayai, mafuta ya kula, chumvi yenye madini joto.
- Matunda ya msimu yenye vitamini C: mapera, machungwa, mapapai, maembe. Malimau na ndimu yawepo muda wote.

Dawa ya hamu ya kula haimo kwenye orodha, na nyingi zinazouzwa kwa kazi hiyo ni dawa za mzio zinazoleta usingizi. Mtoto akionekana ametulia baada ya kunywa, mara nyingi amesinzia tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Hakuna ratiba ya chakula inayotibu malaria, minyoo au selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu). Mpeleke kituo cha afya kabla ya kuendelea ukiona mojawapo ya haya:

- Viganja na ndani ya kope vimepauka.
- Miguu yote miwili imevimba. Hii ni ya kwenda leo leo.
- Mzunguko wa mkono wa juu uko chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Ukiwa chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, usisubiri kesho. Mhudumu wa afya wa jamii ana utepe wa kupimia.
- Uzito haujapanda kwa vipimo viwili au vitatu mfululizo.
- Kikohozi au kuharisha kumefikisha wiki mbili.
- Anakunywa maji kupita kawaida na anakojoa mno.
- Amepoteza maneno aliyokuwa anayasema, au anakubali vyakula vichache mno vya aina moja tu na kingine kikigusa sahani anapiga mayowe.
- Anakula udongo, mkaa au mchele mbichi.

Hilo la udongo hupuuzwa kwa kuwa udongo wa pemba unauzwa sokoni na wajawazito wanautafuna hadharani. Kwa mtoto, hamu ya kula vitu visivyo chakula huendana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kumletea minyoo. Upungufu huo ndio pia humfanya mtoto awe mwepesi wa kukasirika, achoke kabla ya wenzake na ashindwe kushika jambo moja kwa muda. Watu humwita mtundu au mvivu, kumbe damu haitoshi.

Uliza pia kama amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A ndani ya miezi sita iliyopita.

Onyo: usinunue dawa ya kuongeza damu bila kipimo. Mwenye selimundu ana upungufu wa damu usiotokana na chuma, na vidonge vya chuma vikimezwa kwa wingi ni sumu inayoua mtoto. Kama mama mjamzito yumo nyumbani, vidonge vyake vifungiwe juu.

## Hatua ya 2: Andika siku tatu bila kubadilisha chochote

Andika kila kinachoingia mdomoni: saa, kitu, kiasi, na nani aliyempa. Andika pia saa alizolia au kugombana, saa aliyolala, na kama amepata choo.

Siku moja kati ya hizo tatu iwe ya mwisho wa wiki. Mwambie dada wa kazi na bibi kwamba hakuna atakayelaumiwa, la sivyo watakuandikia unachotaka kusoma.

Ukimaliza, tafuta mambo mawili. La kwanza, amekula mara ngapi kwa siku. Kwa mtoto "asiyekula" mara nyingi utakuta mara nane au kumi, vipande vidogo vidogo. La pili, kilio kinakuja saa ngapi baada ya kula. Kilio cha kila siku saa 11 jioni, wakati chakula cha mwisho kilikuwa saa 7, ni njaa. Kilio kinachokuja dakika tano baada ya kuona duka ni mazoea.

## Hatua ya 3: Weka saa (wiki ya kwanza yote)

Milo mitatu na asusa mbili. Kwa nyumba nyingi ratiba hii inafaa:

- Saa 1 asubuhi: kifungua kinywa
- Saa 4: asusa
- Saa 7 mchana: chakula cha mchana
- Saa 10 jioni: asusa
- Saa 1 usiku: chakula cha usiku

Kati ya hapo ni maji tu. Mtoto anahitaji saa mbili na nusu hadi tatu ili njaa irudi, na tumbo lake ni dogo mno kustahimili saa sita bila kitu. Anayepanda basi la shule saa 11 alfajiri apewe nusu ya kifungua kinywa kabla ya kuondoka na nusu nyingine abebe kwenye kontena. Kulala njaa, kuondoka na chai kavu kisha kukaa darasani hadi saa 4 kunatosha kumfanya mtoto yeyote asisikilize mwalimu.

Wiki hii usibadilishe vyakula. Kama ni wali na maharage, endelea na wali na maharage.

Kinachoharibika: siku ya pili hadi ya nne ndiyo ngumu. Mtoto anakataa chakula cha mchana, saa 8 anadai biskuti, analia hadi anakohoa. Hapo ndipo nyumba nyingi zinashindwa. Ukimpa, amejifunza kwamba kulia dakika ishirini kunaleta biskuti, na kesho atalia dakika thelathini. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Saa 10 tutakula," mpe maji, mtoe nje akacheze. Mtoto asiyeumwa halemewi kwa kusubiri saa mbili. Aliye dhaifu au aliyetoka kuumwa hahusiki na zoezi hili hadi apone.

Dalili ya mafanikio: kufikia siku ya tano au ya sita anakuja mwenyewe jikoni kuuliza chakula.

## Hatua ya 4: Safisha vinywaji

Hapa ndipo tofauti inaonekana haraka kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chai. Iwe ya rangi au ya maziwa, ina taninsi zinazozuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage, mboga na unga. Pia ina kafeini, inayofukuza usingizi. Mtoto hana haja nayo. Kama nyumbani mmezoea kunywa pamoja, mchemshie maji yenye tangawizi au mchaichai pamoja na maziwa kidogo. Atakuwa na kikombe chake kama wengine. Anayeshindwa kabisa kuiacha ainywe nyepesi, saa nzima baada ya mlo, na isiwe jioni.

Maziwa. Vikombe viwili kwa siku (mililita 500) ndiyo mwisho, na kimoja na nusu kinatosha. Wazazi hushangaa hapa, kwa kuwa maziwa ni chakula kizuri. Lakini mtoto anayekunywa lita nzima ameshashiba, maziwa yana chuma kidogo sana, na mara nyingi hufunga choo. Choo kikikaza tumbo linauma, hamu ya kula inapotea, na mtoto anakuwa mkali bila kuweza kusema kwa nini. Chupa ya maziwa ya usiku kwa mtoto wa miaka mitatu iondolewe kabisa; inaharibu meno na inaua kifungua kinywa.

Soda na juisi za unga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtoto wa miaka minne, asilimia 5 ni kama vijiko vinne vya chai kwa siku. Chupa moja ya soda ya kawaida ina karibu vijiko vinane.

Vinywaji vya kuongeza nguvu. Hapana, hata funda moja. Kafeini yake hukaa mwilini kwa saa nyingi, na mtoto asiyelala vizuri leo ndiye mkorofi wa kesho.

Jambo moja la kusahihisha: sukari yenyewe haijathibitika kumfanya mtoto ahangaike na kurukaruka. Tafiti zilizofanywa Marekani miaka ya 1990, ambazo wazazi na watoto hawakujua nani amepewa sukari, hazikuona tofauti ya tabia. Sukari ipunguzwe kwa sababu ya meno, uzito na kuchukua nafasi ya chakula. Rangi za viwandani ndizo zenye swali. Utafiti wa Southampton, Uingereza, uliochapishwa 2007, ulikuta baadhi ya watoto wanazidisha kuhangaika wanapopewa mchanganyiko wa rangi fulani na kihifadhi cha sodiamu benzoeti. Tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha onyo kwenye vyakula vyenye rangi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Angalia namba hizo kwenye peremende na juisi za unga. Ubuyu mwekundu, achari na barafu za mtaani hazina lebo, kwa hiyo hujui kilichomo. Ondoa kwa wiki tatu, kisha tazama daftari. Kwa watoto wengi hutaona tofauti. Kwa wachache utaiona waziwazi.

## Hatua ya 5: Uji unaoshibisha (kuanzia wiki ya pili)

Acha kwanza unga wa lishe wenye nafaka saba. Mahindi, mtama, uwele, ngano, mchele na ulezi vyote ni kundi moja la chakula, na kuvichanganya hakuzidishi lishe. Mbaya zaidi ni karanga na soya zilizosagwa humo: mafuta yake huchacha haraka, karanga mbovu hubeba sumukuvu, na soya isiyochemshwa huzuia umeng'enyaji wa protini na kuumiza tumbo. Unga kama huo ukikaa miezi miwili kwenye ndoo, umenunua hasara.

Kwa mtoto mmoja:

- Unga wa ulezi au dona, vijiko 3 vya chakula
- Maji, mililita 300
- Maziwa, mililita 100
- Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, kijiko 1 cha chakula
- Sukari, kijiko 1 cha chai au pungufu

1. Usiku, koroga unga na nusu ya maji, funika, acha hadi asubuhi. Kuchachuka kidogo hupunguza fitati, kitu kinachong'ang'ania chuma na zinki ndani ya nafaka.
2. Asubuhi chemsha maji yaliyobaki, mimina mchanganyiko huku unakoroga.
3. Punguza moto, pika dakika 10 hadi 15. Unga mbichi hujaza gesi tumboni.
4. Tia maziwa, acha yachemke. Epua, ndipo utie karanga.

Uji mzuri hudondoka kwa mabonge kutoka kijikoni. Ukimiminika kama chai, mtoto amejaza maji, na saa moja baadaye atalia njaa. Huo ndio uji mwingi wa majumbani: unga kidogo kwa maji mengi, sukari nyingi juu.

Mtoto akikataa uji mzito, tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, anika, pukuta vichipukizi, saga. Uji ukipoa kiasi cha kuvumilika kidole, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga, subiri dakika kumi, rudisha motoni uchemke tena. Utaona unalainika bila kuongeza maji. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka hakitafanya kazi. Tumia ulezi hapa na si mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi.

Siku asizotaka uji: yai moja na kiazi kitamu, au ndizi za kupika na maharage ya jana. Chapati na chai peke yake hairuhusiwi wiki hizi.

## Hatua ya 6: Chuma kila siku, na tunda pembeni yake

Nyama, maini, samaki na dagaa vina chuma ambacho mwili huchukua kirahisi. Cha kunde na mboga huchukuliwa kidogo, ila vitamini C ikiwa kwenye mlo uleule kinapanda sana. Kwa hiyo tunda liliwe na chakula au mara tu baada yake. Pera moja au nusu chungwa linatosha. Ndimu iliyokamuliwa kwenye mchuzi baada ya kuepua nayo inafaa.

Dagaa wa kusaga. Toa vichwa na matumbo ya dagaa wakavu gramu 250. Uchungu watu wanaoulalamikia unatoka kwenye nyongo. Osha kwa maji ya moto mara tatu hadi mchanga uishe, anika wakauke kabisa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo dakika kumi, saga, chekecha. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye mboga ya mtoto wa miaka 2 au 3, viwili kwa wa miaka 4 hadi 6. Watie kwenye rosti ya nyanya au mchuzi wa karanga. Usiwatie kwenye uji, kwa sababu harufu itamfanya achukie uji na dagaa pamoja.

Maini. Vipande viwili vidogo mara moja kwa wiki, yaive hadi katikati. Yasizidi hapo, kwa sababu vitamini A yake hurundikana mwilini.

Maharage na kunde. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Usitie magadi: yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini.

Mboga za majani. Osha kabla ya kukata, pika dakika tano hadi saba, tia mafuta kijiko kimoja. Kisamvu ndicho pekee kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu ya sianidi iliyomo.

## Hatua ya 7: Mezani au mkekani

Kazi ya mzazi ni kuchagua chakula, saa na mahali. Mtoto achague kiasi. Mgawanyo huu ukivunjwa, kila mlo unakuwa vita.

Anza na kijiko kimoja cha chakula cha kila kitu kwa kila mwaka wa umri: wa miaka mitatu apate vijiko vitatu vya wali, vitatu vya maharage, viwili vitatu vya mboga. Akitaka tena, ongeza. Sahani iliyojaa humtisha mtoto kabla hajaanza.

Simu na televisheni zizimwe. Mtu mzima mmoja akae naye na ale chakula kilekile. Dakika 25 zikipita, ondoa sahani bila maneno.

Chakula kipya kiwekwe kidogo kando ya anachokipenda. Mtoto anaweza kuhitaji kukionja mara nane hadi kumi na tano kabla ya kukikubali, na wazazi wengi huacha baada ya tatu. Usimshike pua, usimtishie sindano, na usimwahidi peremende akimaliza mchicha. Ahadi hiyo inamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na peremende ni zawadi.

Onyo: chini ya miaka 5 usimpe karanga nzima, bisi wala peremende ngumu. Zinakaba.

## Hatua ya 8: Shule, duka na wageni

Badala ya hela, apewe asusa mkononi: ndizi mbivu, yai la kuchemsha, kiazi kitamu, kipande cha muhogo wa kuchemsha, parachichi lililopondwa kwenye mkate. Kama shule ina uji, uliza wanaupika kwa unga gani na saa ngapi, ili usirudie nyumbani.

Muuza duka jirani aambiwe asimkopeshe mtoto. Bibi na shangazi ni kazi zaidi. Usimwambie bibi kwamba anaharibu mtoto, mwombe, "Mama, zawadi yake iwe tunda, na umpe saa 10." Watu wazima wengi hukubali wakipewa kitu cha kutoa. Kwenye sherehe mwache ale wanachokula wenzake. Siku moja haivunji kitu, zaidi ya kwamba kesho yake asubuhi utasikia wimbo wa soda.

## Hatua ya 9: Pima wiki ya nne

Rudia daftari la siku tatu, kisha linganisha na la mwanzo.

Vilio vya njaa vya saa 5 na saa 11 viwe vimepungua sana; hivyo hubadilika ndani ya wiki moja au mbili. Choo kiwe laini, kila siku au siku moja baada ya nyingine. Usingizi uwe unakuja bila kuvutana. Angalau milo miwili kwa siku aimalize bila kulishwa.

Vingine vinachelewa. Akiba ya chuma huchukua miezi miwili au mitatu kujaa, kwa hiyo mtoto aliyekuwa na upungufu wa damu ataendelea kuchoka kwa muda hata akila vizuri, na chakula peke yake hakitoshi kama upungufu ni mkubwa. Uzito nao husumbua wazazi bure: kati ya miaka 2 na 5 mtoto huongezeka kilo mbili hivi kwa mwaka mzima, polepole kuliko alipokuwa mchanga. Tazama mstari wa kadi, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Kama wiki nne zimeisha, ratiba imefuatwa kweli na daftari linaonyesha tabia ileile, nenda kituo cha afya ukiwa na daftari zote mbili. Omba apimwe wingi wa damu, choo, na selimundu kama hajawahi. Taja pia anavyozungumza, anavyocheza na wenzake na anavyolala, kwa sababu swali limeshatoka jikoni.